Baba, Yule Mfilisti Wako wa Louisville

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kutoka Buffalo, upande wa West Side, katika nyumba ya mbao ambayo hukuwahi kuifikia. Ulisema utakuja theluji ikiisha. Asubuhi napanda basi mpaka Kenmore kumwogesha bibi mmoja mzungu ambaye kila siku ananiuliza mimi ni nani na nimetumwa na nani. Wenzangu kazini wanamwona msumbufu. Mimi simkasirikii, maana mtu aliyelelewa na wewe anazoea kuulizwa ametumwa na nani.

Barua hii haiji kwako peke yako. Nitaiweka kwenye makundi yote mawili ya simu, la Louisville na la Columbus, na najua wapo watakaoisoma wakitafuta nani kaniandikia. Nimeiandika mwenyewe. Nataka waisome wote kwa sababu uliyoyasema kuhusu Abu Yusuf uliyasema mbele ya wote.

Unakumbuka siku ya kwanza tulipoingia dukani kwake? Tulikuwa na miezi miwili tu tangu tufike kutoka kambini Uganda, na mama alikuwa amechoka na kuku wa barafu. Tukasikia kuna Mwarabu anauza nyama ya mbuzi, unga na kadi za simu. Ulinichukua mimi kwa sababu ya Kiingereza cha kambini. Ulisimama mbele ya ile nyama ukaniagiza nimuulize nani aliichinja na maneno gani yalisemwa juu yake. Akasema lilitajwa jina la Mungu. Ukaniagiza nimuulize Mungu yupi. Akacheka, akasema yule aliyemuumba mbuzi. Tulinunua, lakini nyumbani uliiombea upya, ombi refu mpaka mchuzi ukapoa, na mama akasema sasa hii nyama ina dini mbili, tule.

Siku hiyohiyo ulitaka kujua kwao ni wapi. Aliposema Palestina, ulinigeukia ukaniambia kwa sauti ya chini, "Muulize kama ni bale ba Goliati." Na mimi mjinga nikamuuliza. Kwenye Biblia yetu kuna Wafilisti, na masikioni mwako Mpalestina na Mfilisti walikuwa mtu mmoja. Abu Yusuf alikuwa mfupi kuliko mama. Alipandisha mkono mpaka utosini kwake, akaushusha, akasema tumtazame vizuri kisha tujijibu wenyewe. Tangu siku hiyo akawa Mfilisti. Baadaye akajifunza kupokea simu yako kwa kusema, "Mufilisti iko hapa," na wateja wa kizungu wakawa wanamshangaa.

Jumapili ulikuwa unaiombea Israeli kanisani kama wazee wetu wote wanavyofanya, na Jumatatu ulikuwa umekaa kwenye kreti la soda dukani kwa Mfilisti ukinywa chai yake ya majani ya mnaana. Hukuona tatizo. Lakini kila tukitoka pale uliniuliza anatafuta nini kwetu. Mbona anatukaribisha chai, mbona anauliza habari za milima yetu, mbona hakuuliza dini yetu? Uliniambia nisikilize vizuri, nikusimulie. Kwa hiyo nilikuwa mkalimani wako na mpelelezi wako kwa wakati mmoja, na nilizifanya kazi zote mbili kwa bidii.

Na yeye alikuwa vilevile, Baba, ndiyo maana mlielewana. Wakiingia Waarabu wawili asiowajua alibadilisha mazungumzo akaanza kusema bei ya mchele. Dukani hakutundika picha ya kiongozi yeyote. Alitueleza kwamba kwao mgonjwa akitaka kwenda hospitali iliyo upande wa pili lazima aombe kibali kwa wanajeshi wanaotawala njia, na akikipata, majirani wanampongeza mlangoni kisha wakirudi ndani wanaulizana ametoa nini. Jina la nani? Habari ya nani? Mtu anapona ugonjwa na haponi macho ya mtaa. Ulipiga goti lako kwa kiganja, ukaniambia nimwambie habari ya kambini: familia ikipata haraka ndege ya kuja huku, sote tulikaa nje tukiulizana wamemwambia nini yule mzungu aliyeshika mafaili yetu. Hata sisi, siku majina yetu yalipobandikwa ubaoni, mama alificha furaha wiki nzima.

Mlianza ule mchezo wa maneno. Yeye anataja la Kiarabu, wewe unataja la kwetu, likifanana analiandika kwenye kipande cha boksi. Siasa. Rais. Raia. Hukumu. Shaka. Ulifurahi kama mtu aliyegundua ndugu. Siku moja ukasema fitina. Aliweka glasi chini. Akasema kwao hilo ni neno zito sana. Mgeni akikuvamia hiyo ni vita, na vita ina mwisho. Fitina ni watu wa nyumba moja, na akasema hajaona mwisho wake. Hakuliandika.

Ndipo alipotusimulia kwao. Alizaliwa Gaza, akasoma Ramallah, akawa mwalimu kwenye shule za serikali ile changa waliyopewa, ambayo alisema ilikuwa na wizara nyingi na mamlaka kidogo. Ulifika uchaguzi wa bunge, yeye akakipigia kura chama kimoja, mdogo wake Nabil akakipigia kingine. Mwaka uliofuata pande hizo mbili zikapigana kwa bunduki. Wale wakabaki na Gaza, hawa wakabaki na Ramallah, kila upande na polisi wake, na kila upande ukimfunga mtu kwa maneno aliyoandika. Nabil alikuwa polisi wa upande wa Gaza. Abu Yusuf alikuwa analipwa na upande wa Ramallah. Waliacha kusemezana mwaka huo.

Uliuliza rais wao alichaguliwa kwa muda gani. Akasema miaka minne. Ukauliza imebaki mingapi. Akasema ilikwisha zamani, na yule bado amekaa. Na wale wa Gaza? Nao wamekaa. Ukiuliza uchaguzi ni lini, pande zote mbili zinakujibu hali ikitulia. Ulicheka mpaka ukafuta machozi, Baba. Ulisema, "Batu habana inchi, na banapigania kiti?" Niliogopa kulitafsiri hilo, nikalipunguza makali, nikamwambia baba anasikitika.

Kisha ukamfundisha neno letu la Kifaransa la miaka ile, glissement, kuteleza. Ulimwonyesha kwa mkono. Uliweka kiganja juu ya kioo cha kaunta ukakitelezesha taratibu, taratibu, ukasema hivi ndivyo mkubwa wa kwetu anavyofanya na muda wake: havunji kitu, hapigi kelele, anateleza tu, na wewe unakuja kushtuka uchaguzi umepita mbele ya macho yako. Abu Yusuf alilipenda hilo neno. Alilirudia kwa Kifaransa chake kibovu wiki nzima.

Mwaka 2014, kiangazi, Gaza ilipokuwa inapigwa, ulikuwa ukitoka ghalani kufunga maboksi unapitiliza dukani bila hata kuoga. Televisheni ilikuwa juu ya friji. Abu Yusuf alikuwa anapiga simu ya Nabil, inakata, anapiga tena. Siku nne ulikaa naye. Siku ya tano Nabil akapokea. Alilia, akacheka, akauliza watoto, akataja majina yao mmoja mmoja. Hazikupita dakika kumi nikasikia wanagombana. Baadaye alituambia: Nabil alisema rais wa Ramallah amewauza, na yeye akajibu kwamba wakubwa wa Gaza hawajawahi kumwuliza mtu kama anataka vita. Akakata simu kwa hasira. Akaitazama. Akapiga tena, na haikuingia. Ulimshika mkono ukaomba kwa Kiswahili, ombi refu kama la ile nyama, na yeye akaitikia amina. Siku hiyo tukitoka hukuniuliza anatafuta nini kwetu.

Nabil alipona. Abu Yusuf alisikia kwa watu. Hawakusemezana tena.

Na sisi je? Umoja wetu wa Wanamilima ulizaliwa sebuleni kwetu, nawe ukachaguliwa rais, na ukanifanya mimi katibu. Ulisema humwamini mtu mwingine kushika kalamu. Katiba niliipiga mimi, kurasa tano, ukisimama nyuma ya kiti changu ukinitajia. Kifungu cha saba ulikitamka mara mbili ili nisikosee: rais atakaa miaka miwili, na muda hauongezwi ila na mkutano wa wanachama wote. Ulisema tusifanye kama kwetu. Nilijivunia wewe siku ile kuliko siku yoyote, na ninakuambia hili ili usidhani nimelisahau.

Ulikuwa rais mzuri. Wageni walipofika uwanja wa ndege ulikuwa wa kwanza kuwapokea na makoti mkononi. Ulikwenda mahakamani, shuleni, hospitalini. Ndiyo maana miaka miwili ilipoisha hakuna aliyesema kitu. Ikaongezeka miezi. Watu walipoanza kuuliza, ukasema wenzetu wamechoka na kazi, wengine wamehama, tungoje hali itulie. Nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, kalamu ikasimama. Nilitazama kama na wewe umeyasikia maneno yako. Hukuyasikia.

Abu Yusuf aliyasikia kwa niaba yako. Siku moja unamweleza mipango ya Umoja kwa mwaka mwingine, akaweka kiganja juu ya kioo cha kaunta, akakitelezesha taratibu, akitabasamu. Alidhani bado mnataniana. Tangu siku hiyo ukawa unaacha chai yake nusu.

Wakati huo wengi wetu walikuwa wamehamia Columbus, kule Whitehall, kwa sababu ya kazi za maghala. Enoki, mtoto wa shangazi, akawakusanya, wakaunda kamati yao, wakamchagua yeye awe rais wao. Tukawa na marais wawili kwa watu ambao wote wangeenea kwenye kanisa moja dogo. Mtu akifiwa zilikuja jumbe mbili, na kila mmoja kabla ya kutoa pole uliuliza nani aliwaita wale wengine. Harusi ya binti wa Mzee Filipo ilikuwa na hotuba mbili za rais, na bibi harusi akapitiwa na usingizi katika ya pili. Tulicheka, Baba, lakini nilikuwa naona Gaza na Ramallah zimehamia kwetu bila bunduki.

Enoki alisema katiba inasema miaka miwili. Ukasema haisemi hivyo. Akasema ionyeshe. Ukasema ilipotea tulipohama apatimenti. Ulilisema hilo mbele ya wazee sita, nami nikiwa nimekaa kushoto kwako, na nilijua iko wapi. Ilikuwa kwenye mfuko wenye zipu wa begi lako jeusi, chini ya Biblia. Uliponitazama nikainamisha kichwa kwenye daftari, nikaandika: katiba imepotea.

Sikulala vizuri baada ya hapo. Nilikwenda Columbus kwa ubatizo wa mtoto, na Enoki akanipitia kwa gari, maana kule bila gari hutoki hata kwenda kununua chumvi. Njia nzima alizungumza habari za watoto. Alipozima injini akaniita dada mkubwa kama zamani, "Yaya, sisi hatutaki kiti. Tunataka kuona ile karatasi tu." Nilimshuku anataka kiti. Bado namshuku.

Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani, nikasema kichwa kinaniuma. Uliacha begi jeusi kwa sababu ulikuwa na zamu ya kuhubiri na ulikuwa umebeba Biblia mkononi. Nilifungua zipu. Nilitembea mpaka kwa Abu Yusuf kwa sababu mashine yake ya fotokopi ndiyo pekee niliyoweza kuifikia kwa miguu na kurudi kabla ibada haijaisha. Ukurasa wa tatu ukanasa ndani. Nikavuta, ukakataa. Abu Yusuf akaja, akafungua mlango wa mashine, akautoa taratibu ili usichanike, akaunyoosha juu ya kaunta. Kiswahili hakijui, lakini pale juu paliandikwa neno rais, na chini palikuwa na saini yako ambayo ameiona mara mia. Aliutazama. Akanitazama. Akaurudisha kwenye mashine akabonyeza mwenyewe.

Ndiyo, Baba. Ni mimi niliyeipeleka katiba Columbus. Sikumpa mtu mwingine, sikutumwa, hakuna aliyenishawishi kwa lolote. Enoki aliipiga picha, na jioni ile ilikuwa kwenye simu ya kila mtu.

Sikuwaza habari ya mstari. Ile mashine ilikuwa na kasoro ya kuchora mstari mweusi pembeni mwa kila karatasi, kutoka juu mpaka chini. Fomu zetu zote, vyeti vyetu vya chanjo, vipeperushi vya kanisa, vyote vilikuwa na mstari huo, na tulishauzoea. Wewe uliuona kwenye picha mara moja. Ulivaa miwani, ukakuza picha kwa vidole, ukasema, "Iyi ni mashini ya Mufilisti." Ukakumbuka kwamba mara kadhaa uliliacha begi kwenye kreti lile ukaenda msalani. Ukakumbuka kile kiganja kwenye kioo. Kila kitu kikakaa mahali pake kichwani mwako, na mimi niliyekuwa nimesimama na bakuli la mboga mkononi hukuniwaza hata kidogo.

Ulikwenda na wazee wawili, ukanichukua mimi nikutafsirie. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Ulisimama pale mbele ya nyama na wateja wanasikia, ukasema kwa Kiswahili, "Muambie minamujua sasa. Tulikunywa naye chai, kumbe anatuuzisha. Iyi fitina ni yake."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kulainisha kama kawaida yangu. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba baba anauliza kama kuna mtu aliyetumia mashine yake kunakili karatasi za Umoja. Lakini yeye hakuwa ananisikiliza mimi. Lile neno moja alikuwa ameshalisikia bila mkalimani, ni lake, alilijua kabla yetu. Uso wake ulibadilika. Akaniangalia, na nikajua sasa atasema.

Akasema nikuambie kwamba mashine ni yake, na kinachotoka ndani yake anakijibu yeye. Basi. Nikatafsiri hilo neno kwa neno, sikulainisha chochote.

Ulimwambia hutakanyaga tena pale, na kanisani ukatangaza hivyohivyo. Watu wakaacha. Wengine walisema walimshuku tangu zamani, kwamba nyama yake ilikuwa na ladha ya ajabu. Wengine walisema alikuwa akipeleka habari zetu kwa serikali. Mzee mmoja alisema ni damu ya Goliati. Nilikuwepo, nikayaandika kwenye kumbukumbu kwa mwandiko mzuri.

Mimi na mume wangu tukahamia Buffalo. Tuliwaambia watu ni kwa ajili ya kazi. Mlifanya uchaguzi? Hamkufanya. Ulisema katiba iliyopitia kwa adui si katiba tena. Enoki naye miaka yake miwili imekwisha, Baba, na sasa anasema tungoje hali itulie. Nakwambia hili ulicheke, kama huko kuna kucheka.

Moyo wako ulisimama siku ya Jumatano, ukiwa unafunga viatu kwenda kazini. Kwenye mazishi wa Louisville walisimama upande mmoja wa kaburi na wa Columbus upande mwingine, na mama katikati na kitenge chake cheusi hajui aegemee wapi. Abu Yusuf alikuja. Alivaa koti la suti lililombana. Alikuwa bado yuko getini wazee wawili walipomfuata, wale wale wawili, wakamzuia. Hakubishana. Aliinua mkono kuelekea tulipokuwa, akageuka. Nilimwona mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa na miguu na nilikuwa na mdomo, na sikuvitumia.

Wiki tatu baadaye nilipata nafasi ya kurudi Louisville, nikaenda dukani peke yangu. Nilimwambia nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na zaidi nilikuwa nimejiandaa kumshuku akinisamehe haraka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinipa kreti nikae. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

Akasema, "Ningesema, baba yako angepoteza binti. Mimi nilikuwa jirani tu. Jirani anapatikana mwingine."

Nikamwambia sikumdai wema huo. Akasema hakuufanya kwa ajili yangu, nisijipe ukubwa. Alisema mama yake alipozikwa Gaza hakuruhusiwa kuingia, akasikia tu kwa simu ya jirani kwamba Nabil amesimama peke yake kwenye kaburi, na kwamba hata siku hiyo hakutaka kupokea salamu za kaka yake. Alisema amewaona wakubwa wa pande zote mbili wakipeana mikono mbele ya kamera mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, wanasaini, wanarudi kwenye viti vyao. Hajamwona yeyote kati yao aliyemrudishia mtu ndugu yake. Kisha akaniuliza kama nilikuambia kabla hujafa.

Nilinunua kilo moja ya mbuzi nikaondoka, na ndani ya basi la kurudi huku nilianza kumshuku tena: labda alitaka nikae na deni la roho, labda huo ndio ukali wake. Unaona ulivyonilea. Mtu akinipa maji nayanusa kwanza.

Kunakili ile katiba sikujutii, Baba, na hutanisikia nikisema vingine. Ilikuwa ya wote, uliitamka mwenyewe, na ulisema uongo mbele ya wazee sita. Kama ungekuwa hai na ukasema tena kwamba imepotea, ningefungua zipu ile tena. Lakini nilimwacha mtu abebe jina langu. Kwa hiyo nawaambia wanaosoma hapa, wa huku na wa kule: Abu Yusuf hakuiba kitu, hakumuuza mtu, hakuchongea mtu. Mwombeni radhi dukani kwake, mchana, watu wakisikia. Mama ameshasoma barua hii. Aliniambia kwa simu kwamba ameisoma mara mbili, akakata, na tangu juzi hapokei nikimpigia.

Limebaki jambo moja, na ndilo nililoshindwa kumjibu Abu Yusuf.

Jumapili kabla ya ile Jumatano ulinipigia. Uliuliza baridi ya Buffalo, ukauliza kama mtoto anakula. Kisha ukaniita mama, kama ulivyoniita tangu utotoni. Ukasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa zawadi, "Mama, bote baliniuzisha. Weye peke yako haukuniuzisha."

Nilikuwa jikoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, hakuna aliyekuwa karibu.

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Ukashukuru, ukakata simu. Hilo ndilo la mwisho ulilolisikia kutoka kwangu.

Pumzika, Baba, kama unaweza.

Binti yako